Vifurushi vya kupima mwili mzima Mombasa: pesa yako inanunua nini?

Kuanzia Mwembe Tayari hadi Bamburi, mabango ya kliniki na maabara za kibinafsi yanatangaza kupima mwili mzima kwa bei moja. Bei huanzia shilingi 5,000 hivi, na kwenye hospitali kubwa hupita 30,000 ukichukua kifurushi chenye skani na kipimo cha umeme wa moyo. Wateja wapo. Anayesema watu wa mji huu hawako tayari kulipia kinga hajakaa kwenye mapokezi ya maabara Jumamosi asubuhi. La kuuliza ni kama wanapata kinga waliyoilipia.

Uamuzi wetu tunauweka mbele. Kifurushi cha kati kinastahili pesa, mradi kipunguzwe vipimo visivyo na kazi na kiongezewe daktari wa kukaa nawe dakika 20. Kifurushi kikubwa hakistahili, hata kwa mwenye uwezo. Kile kidogo kabisa, mara nyingi vipimo vyake unavipata bure au kwa mia chache mahali pengine.

Anza na tangazo lenyewe. Kifurushi cha "vipimo 60" kinasikika kama kazi kubwa. Hesabu kamili ya damu, inayotoka kwenye mrija mmoja wenye kifuniko cha zambarau, hutoa mistari 20 hivi peke yake. Kijiti cha mkojo kina vibandiko 10, kwa hivyo kinahesabiwa vipimo 10. Ini hutoa kama 8, figo na chumvi za damu 6, mafuta ya damu 5, kisha sukari na HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi). Umeshapita 50, na ulichotoa ni mirija michache ya damu na kikombe kimoja cha mkojo. Nafasi iliyobaki ndiyo hujazwa na vitu vya kupandishia bei.

Wingi huo una madhara yake. Kiwango cha kawaida kinachochapishwa kando ya kila jibu hupatikana kwa kupima watu wenye afya njema, kisha kukata asilimia 2.5 ya juu na asilimia 2.5 ya chini. Kwa hivyo katika kila watu 20 wasio na ugonjwa wowote, mmoja atakuwa nje ya kiwango kwa kipimo kimoja tu. Mfanyie mtu huyo mzima vipimo 20 visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka na alama nyekundu ni kama asilimia 64. Vikiwa 40, ni asilimia 87. Vipimo vya kifurushi hutegemeana kwa kiasi, kwa hivyo hesabu halisi iko chini kidogo, lakini mwelekeo ni huo huo: orodha ikirefuka, karibu kila mtu anatoka na kasoro. Hapo ndipo mteja anapotumwa skani, kisha kipimo kingine, kisha dawa ya kitu ambacho hakikuwa kinamsumbua. Pesa za dharura za nyumba zinakwenda, na mwaka unaofuata ukimtajia kupima hataki kusikia.

Vya kufuta kwenye orodha

Alama za saratani kwenye damu, yaani CEA, CA 125 na CA 19-9, zikatae. Kazi yake hasa ni kufuatilia mgonjwa ambaye saratani yake tayari inajulikana. CA 125 hupanda kwa hedhi, kwa mimba changa na kwa uvimbe wa kawaida wa kizazi. CEA hupanda kwa mvutaji sigara. Mwenye afya njema akizipima ananunua hofu.

Kipimo cha damu cha taifodi kwa mtu asiye na homa hakina maana, kwa sababu kingamwili hubaki mwilini baada ya maambukizi ya zamani. Cha damu cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, kina kasoro hiyo hiyo: hakimtofautishi bakteria aliyeko leo na aliyeondoka. Ukiwa na dalili za vidonda vya tumbo, lipia kipimo cha choo au cha pumzi. Picha ya kifua na kipimo cha umeme wa moyo kwa mtu asiye na dalili wala hatari yoyote, ziache. (Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni habari nyingine: hicho ni cha kupimwa kifua kikuu, na kipimo cha makohozi kwenye vituo vya serikali ni bure.)

PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, tunaiacha kwenye orodha kwa masharti. Zungumza kwanza na daktari juu ya faida na hasara zake kwa umri wako, usiwe na maambukizi ya mkojo, na kwa siku mbili kabla usifanye tendo la ndoa wala kuendesha baiskeli mwendo mrefu. Mambo hayo yote huipandisha.

Presha: kipimo rahisi kinachofanywa ovyo

Presha ina faida kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha, na ndiyo inayopimwa kwa haraka kuliko vyote. Mteja amepanda ngazi, ameketi, kitambaa kinafungwa juu ya mkono wa shati, muuguzi anamuuliza jina na namba ya simu huku mashine inajaa upepo. Jibu linalotoka hapo haliaminiki.

Utaratibu wenyewe haugharimu chochote. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, bila kukunja nne. Mkono uwe mtupu, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze. Kipimo kirudiwe baada ya dakika 1 au 2 na majibu yote mawili yaandikwe. Nusu saa kabla, hakuna kahawa tungu na hakuna sigara. Miraa na muguka hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hivyo siku hiyo zisubiri, na kama umetafuna sema ukweli mapema ili usiandikiwe dawa za kila siku kwa sababu ya majani.

Angalia na kitambaa chenyewe. Cha kawaida ni cha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, ukipimwa katikati ya bega na kiwiko. Mkono mnene ukibanwa na hicho, mashine husoma juu kuliko ukweli, na tofauti inaweza kutosha kumfanya mtu mzima aitwe mgonjwa. Lazima kuwe na kikubwa, cha sentimita 32 hadi 42. Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachoangalia tukiingia kliniki, kwa sababu ni cha bei ndogo kuliko vifaa vingi vya humo, na kukosekana kwake kunaeleza mengi juu ya jinsi kazi inavyofanywa.

Ukipata 140/90 au zaidi siku moja, bado hujaitwa mgonjwa. Kipimo kirudiwe siku nyingine. Ikifika 180/110, muone daktari siku hiyo hiyo. Kliniki nzuri hukuruhusu kurudi kupima presha bila malipo mengine. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Sukari, na joto la Pwani

Sukari ya kufunga inataka masaa 8 bila chochote isipokuwa maji. Chai ya rangi isiyo na sukari nayo isubiri. Mwezi wa Ramadhani, na kwa wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, hesabu ianze kwenye daku: aliyemaliza kula saa kumi alfajiri hajatimiza masaa 8 mpaka saa sita mchana, kwa hivyo kutolewa damu saa nne asubuhi ni kupoteza pesa. Jibu la 7.0 (mmol/L) au zaidi ni kisukari likithibitishwa siku nyingine. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo la kufanyia kazi.

Damu hiyo iwekwe kwenye mrija wa kifuniko cha kijivu, wenye dawa ya kuzuia chembe za damu zisiendelee kula sukari. Kliniki nyingi ndogo hazina mashine. Hukusanya damu na kungoja pikipiki ya kuipeleka maabara kuu. Damu iliyokaa kwenye mrija usiofaa hupoteza sukari kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huongeza kasi hiyo. Mwenye 7.2 asubuhi anaweza kuandikiwa 6.7 na kuambiwa hana kisukari. Uliza damu inapimwa hapo hapo au inasafirishwa, na ikisafirishwa, inaondoka saa ngapi.

HbA1c inapendwa kwa sababu haihitaji kufunga, na kwa wengi ni kipimo kizuri: asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Lakini Pwani wenye sikoseli ni wengi, wagonjwa na wabebaji, na upungufu wa damu kwa wanawake ni wa kawaida. Ugonjwa wa sikoseli hufanya HbA1c isome chini ya ukweli, na hata kwa mbebaji tu baadhi ya mashine hutoa jibu lisilotegemeka. Upungufu wa madini ya chuma huisukuma juu. Ukijua unabeba sikoseli, sema kabla ya kulipa na uchukue sukari ya kufunga badala yake. Tunasikitika kwamba swali hili halimo kwenye fomu nyingi za vifurushi, ingawa linaandikwa kwa mstari mmoja.

Kipimo cha kidole, cha dukani au kwenye hema la kambi ya matibabu, kina mitego yake. Vijiti vingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30 ndani ya kikopo kilichofungwa. Kikopo kilicho wazi juu ya meza mchana wa Februari kinaharibika. Na kidole kilichomenya embe hutoa sukari ya embe. Osha kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utobolewe. Kupanguswa na spiriti pekee hakutoshi.

Ambavyo vifurushi vinasahau

Homa ya ini aina ya B ndipo tunapoona upungufu mkubwa. Vifurushi vingi huipima, jibu likiwa safi mteja anapongezwa, basi. Kumbe hapo ndipo kinga inapoanza: chanjo ya sindano tatu, ya leo, ya baada ya mwezi 1 na ya baada ya miezi 6. Watoto wa Kenya walianza kuipata kwenye chanjo za kawaida miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hivyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawajawahi kuchanjwa. Kupima bila kutoa chanjo ni kazi nusu. Ukilinganisha kliniki mbili za bei moja, chagua yenye chanjo hiyo kwenye friji.

Kwa wanawake, kipimo cha mlango wa kizazi kina thamani kuliko nusu ya mistari ya damu. Uliza kama kuna kipimo cha HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi), ambacho kwa mwanamke wa miaka 30 na zaidi asiye na virusi vya UKIMWI, jibu safi humpa nafasi ya miaka 5. Mwenye virusi hupimwa kwa vipindi vifupi zaidi. Sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, jambo linalowaondolea wengi ile haya inayowazuia kuja. Vituo vya serikali hutumia pia njia ya kupaka asidi ya siki na kuangalia, na jibu hutoka pale pale. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14 hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, usiilipie kifurushi.

Mafuta ya damu peke yake hayasemi mengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10, likiwemo la Afrika Mashariki. Yanajumlisha umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli, na lipo jingine lisilohitaji damu, linalotumia uzito na urefu. Daktari akikuonyesha kidole chako kinaangukia kisanduku gani kwenye jedwali, umepata huduma. Ukipewa namba ya kolesteroli na ushauri wa kuacha viazi karai, hujapata.

Kulipa na kutolipa

Kenya ina ushahidi mzuri juu ya jambo hili kuliko nchi nyingi. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichapisha mwaka 2010 matokeo ya jaribio kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi: bei ya chandarua chenye dawa ilipotoka bure hadi shilingi 40, uchukuaji ulishuka kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Michael Kremer na Edward Miguel, mwaka 2007, walikuta hali kama hiyo Busia kwa dawa za minyoo: ada ndogo iliwapunguza wanaotibiwa kwa asilimia 80.

Wenye kliniki wakisoma hayo husema watu hawathamini afya. Sisi hatukubali. Mzazi huyo huyo hutafuta 3,000 usiku ule ule mtoto akishikwa na homa. Faida ya kinga haionekani leo, na anayelipwa kwa siku hupima kila shilingi dhidi ya chakula cha jioni. Tena ada ya kliniki ni sehemu tu ya bei. Kwa mtu wa Likoni kuna nauli, foleni ya feri na nusu siku ya kibarua, kisha safari ya pili kuchukua majibu. Kliniki inayofungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikamaliza kutoa damu kabla ya watu kwenda kazini, imepunguza bei bila kugusa ada.

Kinachovunja imani zaidi ni mwisho wa huduma. Majibu hutumwa kwenye simu kama faili la kurasa sita, bila mtu wa kuyaeleza. Mteja huyaonyesha kwa jirani, au kwa muuza dawa, ambaye naye ana cha kuuza. Tungependa kuona kliniki zikigawanya malipo: sehemu siku ya damu, sehemu siku ya kusomewa majibu, na kipimo cha kurudia presha kikiwa kimeshalipiwa humo. Mteja mwenye sababu ya kurudi hurudi.

Vya bure, na kimoja cha kukimbia

Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 zimepangwa kulipiwa na mfuko wa serikali wa afya ya msingi, na sharti ni kujisajili, ambako unaweza kuanza kwa *147#. Huko utapimwa presha na sukari na kuonana na mhudumu wa afya bila kifurushi. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mabegi ya vifaa mwaka 2023 wana mashine ya presha na ya sukari, na hufika nyumbani. Udhaifu ni vifaa: vijiti vya sukari vikiisha, kipimo husimama, kwa hivyo piga simu kwanza. Kwa kijana wa miaka 25 asiye na dalili, hapo panatosha kabisa.

Cha kukimbia ni ile mashine ya kushika chuma mkononi, inayodai kusoma figo, ini, mifupa na vitamini kwa dakika moja, kisha inatoa karatasi ya rangi. Hakuna damu, hakuna mkojo. Chuma mkononi hakiwezi kupima kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) wala kolesteroli. Bei yake ya mia chache ni chambo: pesa yenyewe iko kwenye chupa za virutubisho utakazouziwa baada ya karatasi. Mgonjwa wa kweli akiambiwa na mashine hiyo kwamba figo zake ni nzima, amepotezewa muda asioweza kuurudisha.

Kabla ya kulipa kokote, piga simu uulize: mna kitambaa kikubwa cha presha? Damu inapimwa hapo? Nani atanieleza majibu, lini, na kwa muda gani? Naweza kuondoa vipimo na bei ikashuka? Swali la mwisho ndilo linalotenganisha kliniki na duka. Orodha fupi ya kuomba kwa mtu wa miaka 40 na zaidi ni presha, uzito na mzunguko wa kiuno, sukari ya kufunga, kreatinini, mafuta ya damu, mkojo, homa ya ini B mara moja, na kwa mwanamke mlango wa kizazi. Mwenye presha au kisukari aongeze kipimo cha albumini kwenye mkojo, kwa sababu figo huanza kuharibika kabla kreatinini haijapanda.

Pesa ikiwa shida, tumieni chama. Dupas na Jonathan Robinson walionyesha mwaka 2013, kwa majaribio ya hapa Kenya, kwamba kisanduku cha kuwekea pesa za afya, au mfuko wa afya ndani ya chama, huongeza kweli kile watu wanachotumia kwa kinga. Shilingi 60 kwa wiki ni 3,120 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia bei ya vipimo vya damu na mkojo vya orodha hiyo fupi kwenye maabara nyingi za mjini, ukiiweka kando chanjo na kipimo cha HPV. Mkiwa 10, pigeni simu mapema muombe bei ya kikundi na Jumamosi moja asubuhi, na mpatane kwamba daktari atakuwepo siku ya majibu.